Tunabishana kuhusu GMO, tumeisahau mbegu

Na Mwandishi Wetu

MJADALA wa mazao yaliyobadilishwa vinasaba, maarufu kama GMO, una tabia yake hapa nchini. Huibuka kwa kishindo, huwagawa watu katika makundi mawili yasiyosikilizana, kisha hunyamaza hadi litokee tukio jingine. Wanaounga mkono husema bila teknolojia hiyo mkulima ataendelea kuwa maskini. Wanaopinga husema teknolojia hiyo itamfanya mtumwa wa kampuni za kigeni.

Kwa mkazi wa mjini, mjadala huo huonekana kama wa wakulima na wataalamu. Ukweli ni kwamba unamgusa kila anapokwenda dukani kununua mafuta ya kula. Takwimu zilizotolewa na serikali mwaka 2021 zilionyesha kuwa mahitaji ya mafuta ya kula nchini yalikuwa takriban tani 570,000 kwa mwaka, huku uzalishaji wa ndani ukiwa chini ya nusu ya kiasi hicho. Pengo hilo huzibwa kwa mafuta kutoka nje, hasa mawese, na bei yake inapopanda katika soko la dunia, kikaango cha mama lishe wa Manzese nacho huhisi.

Ndiyo maana utafiti wa vinasaba katika mazao ya mafuta na yale ya nyuzi, yaani alizeti, ufuta, karanga, pamba na mkonge, unastahili kutazamwa kwa utulivu kuliko inavyofanyika sasa. Historia ya mazao hayo, hapa kwetu na kwingineko, inaonyesha kuwa swali la "GMO ndiyo au hapana" si la kwanza. Swali la kwanza ni nani anayezalisha mbegu, kwa muda gani, na kwa fedha za nani.

Msimamo wa Tanzania umeyumba kwa miaka mingi. Kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009 ziliweka masharti makali ya fidia kwa yeyote ambaye zao lake lililobadilishwa vinasaba lingesababisha madhara. Mwaka 2015 masharti hayo yalilegezwa kwa upande wa utafiti, na mwaka uliofuata jaribio la mahindi likaanza katika eneo maalumu la Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 wizara ikaamuru majaribio hayo yasimame. Januari 2021 aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kufutwa kwa majaribio ya aina hiyo nchini.

Katika kuyumba huko hakuna upande uliopata nafasi ya kueleza vizuri kilicho nyuma ya mbegu yenyewe. Kwa hilo hatuna budi kuanza na zao lililowahi kuipa nchi hii jina duniani.

Miche 62 iliyozaa tasnia

Mkonge haukuwa zao letu. Mwaka 1893 Mjerumani Dk. Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Mingi ilikufa safarini, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa katika Mkoa wa Tanga wa leo. Kutokana na miche hiyo yakaenea mashamba makubwa yaliyoifanya Tanganyika kuongoza duniani kwa singa. Kilele kilifikiwa mwaka 1964, uzalishaji ulipofikia takriban tani 230,000.

Kwa mtaalamu wa vinasaba, habari hiyo ina fundisho la kutisha. Mkonge huzalishwa kwa maotea na vikonyo, si kwa mbegu, hivyo kila mche ni nakala ya mama yake. Ugonjwa ukiuweza mmoja, unaweza kuyaweza mashamba yote. Aidha, mkonge hukaa shambani miaka mingi kabla ya kutoa mlingoti, ukachanua mara moja na kufa. Anayetaka kuchanganya aina mbili ili kupata bora zaidi lazima awe tayari kusubiri nusu ya maisha yake ya kazi.

Wapo waliosubiri. Kazi iliyoanzia Amani katika miaka ya 1930 na kuendelezwa katika kituo cha Mlingano, kikiungwa mkono na chama cha wakulima wa mkonge wenyewe, ilizaa chotara iliyopewa namba 11648. Ilitokana na kuchanganya mkonge wa bluu, ambao jina lake la kisayansi linatokana na Amani, na mkonge mwingine wa jamii hiyo, kisha kurejesha mchanganyiko huo kwa mkonge wa bluu. Chotara hiyo hutoa majani zaidi ya mara mbili ya yale ya mkonge wa kawaida kabla ya kufa.

Miaka ya 1960 chotara hiyo ilipelekwa China, ikawa ndiyo inayolimwa zaidi katika mashamba ya mkonge ya nchi hiyo. Leo, sehemu kubwa ya machapisho ya kisayansi kuhusu vinasaba vya 11648, jinsi jeni zake zinavyofanya kazi na kwa nini hushambuliwa na magonjwa fulani, hutoka katika maabara za China. Hapa kwetu bei ya singa iliporomoka kutokana na ushindani wa kamba za plastiki, mashamba yakageuka vichaka, na utafiti ukadorora pamoja nayo.

Hakuna aliyetuibia. Tulikuwa na mbegu bora kuliko wote, tukaacha kuiendeleza. Huo ndio mfano wa kwanza.

Mrusi aliyeipa alizeti mafuta

Mfano wa pili unahusu alizeti, zao linalotegemewa zaidi kupunguza pengo la mafuta ya kula, hasa katika mikoa ya Singida na Dodoma. Watu wengi hudhani kuwa kuongeza mafuta ndani ya punje ni kazi ya maabara za kisasa. Sivyo.

Mwaka 1912, katika mji ambao leo unaitwa Krasnodar, kusini mwa Urusi, mtafiti Vasily Pustovoit alianza kuchagua vichwa vya alizeti. Alipima mafuta ya kila mmea, akagawa mbegu zake mafungu mawili, akapanda fungu moja na kuhifadhi jingine. Baada ya kuona watoto wa mmea upi wamefanya vizuri, alirudi kwenye fungu lililohifadhiwa na kuendelea nalo. Alifanya hivyo kwa miongo kadhaa. Alizeti aliyoanza nayo ilikuwa na mafuta ya takriban asilimia 30 ya uzito wa punje. Aliyoiacha ilizidi asilimia 50.

Hatua iliyofuata ilitoka Ufaransa mwaka 1969, pale Patrice Leclercq alipogundua namna ya kupata mimea ya alizeti isiyotoa chavua. Ugunduzi huo uliwezesha kuzalisha mbegu chotara kwa wingi, kwa sababu mmea usio na chavua hauna njia ila kuchavushwa na jirani aliyechaguliwa na mtafiti. Mbegu chotara za alizeti zinazouzwa leo katika maduka ya pembejeo zina mizizi katika ugunduzi huo. Si GMO, hakuna jeni ya kiumbe kingine iliyoingizwa ndani yake.

Mkulima wa Tanzania amenufaika kiasi gani? Kwa miaka mingi mbegu iliyotawala nchini ni Record, aina ya zamani iliyotoka Ulaya Mashariki. Ina sifa zake: mkulima anaweza kuihifadhi na kuipanda tena, na inavumilia ukame. Lakini alizeti huchavushwa na nyuki, na nyuki hawaheshimu mipaka ya mashamba. Mbegu inayohifadhiwa nyumbani mwaka baada ya mwaka huchanganyika, vichwa vinakuwa vya ukubwa tofauti, na mafuta yanapungua.

Hesabu yake ni rahisi. Gunia la kilo 100 za alizeti yenye mafuta ya asilimia 35 lina kilo 35 za mafuta. Yakiwa asilimia 45, ni kilo 45. Hata kama kinu kidogo cha Singida hakiwezi kukamua yote, tofauti hiyo haihitaji ekari moja ya ziada, wala tone la mvua la ziada. Inahitaji mbegu. Na mbegu inahitaji mtu wa kuizalisha katika shamba lililotengwa na mashamba mengine, kuikagua na kuifikisha kijijini kabla mvua haijaanza.

Tatizo ni kwamba chotara haihifadhiki. Mkulima akipanda punje alizovuna, msimu unaofuata sifa zake zinasambaratika. Kila mwaka lazima anunue upya. Hivyo utegemezi ambao wengi wanauhusisha na GMO ulikwisha kuingia zamani kupitia mlango mwingine, na hakuna aliyeandamana. Kinachoamua iwapo utegemezi huo ni mzigo au la ni bei, na kama muuzaji ni mmoja au ni wengi. Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Ilonga, Kilosa, ambacho ndicho chenye dhamana ya alizeti kitaifa, kikizalisha chotara zake na Wakala wa Mbegu pamoja na kampuni za ndani wakazizalisha kwa wingi, mkulima atakuwa na pa kuchagua.

Burkina Faso: faida iliyokatika njiani

Mfano wa tatu ndio unaopaswa kusomwa na pande zote mbili za mjadala wa GMO. Ni wa pamba ya Burkina Faso.

Mwaka 2008 nchi hiyo ya Afrika Magharibi iliruhusu kilimo cha pamba yenye jeni ya bakteria wa udongo anayefahamika kwa kifupi kama Bt. Jeni hiyo huufanya mmea utengeneze protini inayoua funza wa vitumba. Teknolojia ilitoka kampuni ya Monsanto ya Marekani, ambayo baadaye, mwaka 2018, ilinunuliwa na Bayer ya Ujerumani. Kwa upande wa shamba, matokeo yalikuwa mazuri. Mkulima aliyekuwa akipiga dawa mara sita kwa msimu alishuka hadi mara mbili, na mavuno yakaongezeka. Ndani ya miaka michache sehemu kubwa ya pamba ya nchi hiyo ilikuwa ya aina hiyo.

Hata hivyo, mwaka 2016 Burkina Faso ilianza kuiacha. Haikushinikizwa na wanaharakati, wala wakulima hawakuikataa. Walioikataa ni kampuni za kuchambua pamba, zikiongozwa na Sofitex. Sababu yao ilikuwa nyuzi. Pamba ya Burkina Faso ilikuwa na sifa sokoni kwa nyuzi ndefu, ambazo husokotwa kuwa uzi mwembamba na imara na hulipwa bei nzuri. Aina mpya zilitoa nyuzi fupi zaidi, na kiasi cha nyuzi kilichopatikana katika kila kilo ya pamba iliyochambuliwa kilipungua. Kampuni hizo zilidai fidia inayozidi faranga za CFA bilioni 48, na mwaka 2017 zikafikia makubaliano na Monsanto.

Nini kilitokea? Maelezo yanayopewa uzito na watafiti waliochunguza kadhia hiyo ni ya kawaida kabisa katika kazi ya kuzalisha mbegu. Jeni ya Bt ilikuwa ndani ya pamba ya Kimarekani. Ili iingie katika pamba ya Burkina Faso, aina hizo mbili zilichanganywa. Mtoto wa kwanza huwa nusu Mmarekani, nusu Mburkinabe. Akirejeshwa kwa mzazi wa Burkina Faso, sehemu ya Kimarekani hushuka hadi robo, kisha asilimia 12.5, na kuendelea. Baada ya kurejesha mara sita hubaki chini ya asilimia moja, yaani jeni inayotakiwa na mabaki kidogo. Ukikatisha kazi mapema, unabaki na jeni inayotakiwa pamoja na mizigo mingine ya kigeni usiyoitaka. Wachunguzi wanasema kazi hiyo ilikatishwa mapema.

Kwa maneno mengine, sayansi mpya ilifanya kazi yake. Iliyoshindwa ni sayansi ya zamani ya uvumilivu, ile ile ya Pustovoit na ya watafiti wa Amani. Na walioumia ni wale ambao sifa ya pamba yao ilijengwa kwa miongo mingi kabla ya jeni hiyo kuja.

India na Kenya

Kuna fundisho jingine kutoka India, iliyoruhusu pamba ya Bt mwaka 2002. Zao hilo lilienea hadi kufikia zaidi ya asilimia 90 ya eneo la pamba nchini humo. Lakini mwaka 2010 ilithibitishwa kuwa funza mwekundu-waridi wa jimbo la Gujarat alikuwa amejenga usugu dhidi ya protini ya kwanza ya Bt. Baadaye alijenga usugu hata dhidi ya mbegu zenye protini mbili. Wakulima walishauriwa kupanda ukanda wa pamba ya kawaida pembeni ili kuchelewesha usugu. Wengi hawakufanya hivyo, na ni vigumu kumlaumu mwenye ekari moja kwa kukataa kuwatengea wadudu sehemu ya shamba lake.

Jirani zetu wa Kenya waliidhinisha pamba ya Bt Desemba 2019. Mbegu zilizoidhinishwa ni chotara kutoka India. Hapo mambo mawili yameungana: jeni ya kigeni, na chotara ambayo lazima inunuliwe kila msimu kutoka ng'ambo. Meli ikichelewa, mkulima hukosa vyote viwili. Si hoja ya kuikataa teknolojia, bali ni hoja ya kuuliza mbegu inazalishwa wapi.

Ukiriguru na utajiri ulio ndani ya punje

Tanzania ina jibu lake la kihistoria katika pamba, nalo liko Ukiriguru, Misungwi mkoani Mwanza. Watafiti wa kituo hicho walizalisha aina zilizobeba herufi UK, zenye uwezo wa kuhimili chawa-jani, ugonjwa wa bakteria na mnyauko fuzari. Kinga dhidi ya chawa-jani ilipatikana kwa kuchagua mimea yenye majani ya vinyweleo, ambavyo humkera mdudu huyo asiweze kutulia. UK91 ilitumiwa na wakulima kwa zaidi ya miongo miwili, ikafuatiwa na UKM08. Mbegu hizo si chotara. Zinatoka katika pamba ya wakulima wenyewe baada ya kuchambuliwa, na Bodi ya Pamba husimamia usambazaji wake.

Udhaifu wa mfumo huo unajulikana. Aina moja ikitumika muda mrefu mno bila kusafishwa, huchoka. Mbegu za maeneo mbalimbali huchanganyikana viwandani. Na kuanzia uchanganyaji wa kwanza hadi mbegu mpya kumfikia mkulima hupita miaka mingi.

Hapa ndipo utafiti wa vinasaba unapoweza kutusaidia bila hata kugusa mjadala wa GMO. Ramani za vinasaba vya pamba, alizeti na ufuta zimekwisha kuchapishwa, na ziko wazi kwa watafiti. Kwa kutumia alama za vinasaba, mtafiti anaweza kukata kipande kidogo cha jani la mche wa wiki mbili na kujua kama umerithi kinga ya mnyauko, badala ya kusubiri msimu mzima. Kazi ya kurejesha mara sita inaweza kupunguzwa hadi mara tatu au nne, kwa sababu anachagua mapema watoto waliobeba mizigo michache.

Kuna pia utajiri ambao kwa kawaida tunautupia ng'ombe. Kila kilo ya nyuzi za pamba huja na zaidi ya kilo moja na nusu ya mbegu. Mbegu hiyo ina mafuta na protini, lakini pia ina sumu iitwayo gosipoli. Usafishaji huiondoa katika mafuta, lakini mashudu hubaki chakula cha ng'ombe tu, maana binadamu, kuku na nguruwe hawaimudu. Zamani watafiti walizalisha pamba isiyo na gosipoli kabisa. Wadudu waliifurahia sana, kwani sumu hiyo ndiyo silaha ya mmea, na wakulima wakaiacha.

Mwaka 2006 Profesa Keerti Rathore wa Chuo Kikuu cha Texas A&M na wenzake walionyesha kuwa inawezekana kuzima jeni ya gosipoli ndani ya mbegu tu, huku majani na shina vikibaki na silaha yake. Mamlaka za Marekani ziliruhusu zao hilo kulimwa mwaka 2018 na kuliwa mwaka 2019. Miaka 13 ilipita kutoka maabara hadi kibali, na kazi hiyo ilifanywa na chuo cha umma kwa zao ambalo kampuni kubwa hazikuona faida ya haraka ndani yake.

Kwa sheria za sasa, teknolojia hiyo haina mlango nchini, na huo ni uamuzi ambao taifa lina haki ya kuufanya. Lakini taifa linalofanya uamuzi kama huo linapaswa kuwa na watu wake wanaoweza kuipima teknolojia, kuikosoa na kusema kwa nini hawaitaki. Uwezo huo hauji kwa kusoma magazeti, hupatikana kwa kufanya utafiti.

Kipi kifanyike

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, utafiti wa mbegu hauendi na mwaka wa fedha wa serikali. Fedha zikija msimu huu na kukosekana ujao, kizazi kizima cha mimea hupotea na mtafiti huanza upya. Tasnia ya mkonge ilipokuwa na nguvu, wakulima wake walichangia utafiti. Tozo zinazokatwa katika kilo ya pamba zinapaswa kurudi Ukiriguru kwa kiwango kinachojulikana, na wakulima waambiwe kimefanya nini.

Pili, mbegu bora iliyobaki kituoni si mbegu. Uzalishaji wa alizeti bora utaendelea kuwa maneno mpaka pawepo mashamba ya kutosha ya kuzalisha mbegu, yaliyotengwa na yenye maji. Bajeti ya kilimo ipimwe kwa tani za mbegu zilizofika vijijini kabla ya mvua, si kwa idadi ya aina zilizozinduliwa.

Tatu, iwapo siku moja Tanzania itaamua kuruhusu jeni kutoka nje, Burkina Faso imekwisha kutulipia ada ya shule. Sharti liwe kwamba jeni iingizwe katika mbegu zetu na watafiti wetu, kazi ya kurejesha ikamilike, na viwanda vya kuchambua na kusokota vipime nyuzi kabla mkulima hajapewa mbegu. Iwapo itaamua kutoruhusu, sharti la kuwa na mbegu zetu zilizo bora linabaki pale pale.

Waswahili wana msemo kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Chotara 11648 ilizaliwa Tanga, na daftari lake leo linaandikwa kwa Kichina. Pamba ya Ukiriguru na alizeti ya Singida bado tunazo. Hatutaweza kusema hatukuonywa.